Ngoma Mkononi mwa Mama

Kijiji cha Kwa Vonza,
Jumapili, 16 Februari 2025.
Asubuhi mawingu mepesi na upepo kidogo. Kufikia saa tatu, jua kali.

Kwako dada Mumbua,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini hamjambo hapo Emali, na kwamba kikohozi cha mwanao Kalunde kimepungua. Sisi tu wazima. Ndengu tumeshapura, na mama anasema usinunue za sokoni, zako zipo.

Unakumbuka tangu masikio ya mama yazibe kabisa, aliacha kuongoza nyimbo kanisani. Alisema ngoma inakwenda kwake na yeye anaimba kwake, hawakutani. Mwezi uliopita kwaya iliamua kwamba asipoongoza Jumapili ya mavuno, mwimbaji mwenzake Muthoki atachukua nafasi hiyo moja kwa moja. Siku hiyo mama hakugusa chakula.

Basi nikatumia yale niliyosomea chuoni, nikaunda programu ya simu. Simu moja inafungwa kwenye ngoma ya Kitonga, mpigaji wa kwaya, na kupima kila pigo. Nyingine mama anaishika, nayo inatetemeka kwa nguvu ileile. Nguvu yenyewe ni namba tu, kuanzia moja hadi mia mbili hamsini na tano. Simu ya mama ilinishinda, maana inajua kutetemeka au kunyamaza tu, haina nguvu wala udhaifu. Mama akauliza kama Kitonga anapiga ngoma au anatwanga mahindi ya muthokoi. Nilipompa simu yangu, alianza kuimba papo hapo.

Lakini kukawa na kasoro. Kila nilipokaribia ngoma, namba zilipanda. Nikirudi nyuma, zilishuka. Nikadhani hatua zangu zinaitikisa simu ya kwenye ngoma. Nilipunguza nguvu, nikaandika upya sehemu nzima, wapi. Ndipo mama, ambaye siku hizi akinong'ona hata majirani wanasikia, akaninong'oneza mbele ya kwaya yote kwamba programu haina kosa, mwenye kosa ni kijana wa watu, na niende nikakae mbali mazoezi yaendelee. Kitonga aliinamia ngoma yake kama anatafuta kitu kilichopotea.

Leo, Jumapili yenyewe ya mavuno, nilikaa benchi la mwisho. Lakini wakati wa sadaka ilibidi nipeleke ndengu zetu mbele, na ngoma ikaanza kukimbia, kwaya nyuma yake, Muthoki akihema. Mama hakuyumba. Aliinua mkono mmoja, akaushusha polepole, wimbo ukatulia, na Kitonga ndiye aliyemfuata yeye. Baada ya ibada Muthoki alimwandikia mama kwenye karatasi kwamba nafasi ya kuongoza ibaki kwa mama, na kwamba yeye Muthoki mapafu yake hayawezi.

Sasa dada, la mwisho. Kitonga aliniuliza jioni ya leo, nami nimekubali. Watu wao wataleta mbuzi wa ntheo, wale wa posa, Jumamosi baada ya Pasaka. Nilimwandikia mama, akasoma, akasema ni sawa, lakini siku hiyo ngoma apige mtu mwingine.

Msalimie shemeji. Mama anakukumbuka sana.

Mdogo wako,
Kalekye

Saa nne na robo. Nazima taa, nalala.