Buni Chini ya Ulimi wa Mondo

Kihanga, Karagwe
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Cleophace,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko Mwanza? Mguu wako umepona? Sisi wazima, mvua zimeanza, na Mama anakula vizuri, ila anakuulizia kila siku.

Simu sijapiga kwa makusudi, maana simu ungeikata.

Kaka, yule mondo wa Baba, paka-mwitu aliyemkausha, kwenye jumba la zamani la makumbusho siye. Alhamisi nilikuwa nawafuta vumbi wanyama wote, kama ilivyo kazi yangu, nikamgeuza. Tumboni ameshonwa kwa uzi wa nailoni! Baba, miaka yote aliyowakausha wale wanyama, alishona kwa katani tu.

Kwanza nilimshuku Polikarpi mlinzi, kwa kuwa ana pikipiki mpya. Nikamsema mbele za watu, maskini, akaapa mpaka machozi yakamtoka. Naona aibu hadi leo.

Halafu nikakumbuka buni. Unakumbuka Baba alimwekea mondo buni mbili chini ya ulimi, kama watu wanaochanjiana udugu kwa kutafuna buni pamoja, ili mnyama asimwekee kinyongo? Tulikuwepo wewe na mimi tu, akatukanya tusimwambie mtu. Basi nikaingiza kidole mdomoni. Zipo mbili! Nikashusha pumzi, nikazinusa.

Zimekaangwa, kaka. Baba aliweka buni za kutafuna, zile zinazochemshwa pamoja na majani. Hizi ni za kusaga, za kunywa kwenye kikombe. Mji umekusahaulisha hata hilo?

Krismasi uliniomba ufunguo ukae na kazi ya Baba peke yako, ukiwa na lile begi kubwa ulilosema ni la nguo za watoto. Nami mjinga nikaenda kukuchemshia chai!

Kama umemuuza, nitalia. Kama ulimtaka tu kwa kumkumbuka Baba, nitakuelewa, ila mrudishe. Wakaguzi wanakuja tarehe 28, na ufunguo ni wangu. Watakayemshika ni mimi, si wewe.

Msalimie wifi Felicitas, na umbusu Pastory. Mungu awalinde nyote, na wewe akulainishe moyo.

Buni zako nimezifunga humu kwenye bahasha. Za Baba zirudi zilikokuwa, chini ya ulimi wa mondo wake.

Anayekupenda bado,
mdogo wako,
Agnetha