Udongo Aliowekewa Odhiambo

Jumatatu, 4 Agosti
Chai ya waombolezaji, sufuria ya tatu tangu asubuhi. Kuni mbichi, macho yanawasha. Mama bado yuko mochari Homa Bay. Anamngoja kaka yangu Odhiambo, kifungua mimba wake, aliye Toronto. Baba Mdogo amesema Odhiambo ndiye atakayerusha udongo wa kwanza. Haya. Miaka minne nimetoka Migori kila Ijumaa kuja hapa Kendu Bay kumwogesha Mama. Lakini mimi ni binti aliyeolewa. Udongo wangu hauhesabiki.

Jumatano, 6 Agosti
Odhiambo anaondoka leo. Baba Mdogo akauliza Toronto ni mbali kiasi gani. Binamu yetu Akinyi akatafuta kwa simu: kilomita elfu kumi na mbili mpaka Nairobi, saa kumi na nne angani. Boma zima likamwonea huruma. Wakahesabu kwa vidole. Ijumaa asubuhi atakuwa hapa. Nikasema huenda atabadilisha ndege njiani. Nikaambiwa niangalie ugali.

Alhamisi, 7 Agosti
Simu yake haipatikani. Vijana wameanza kuchimba. Kwetu kaburi huchimbwa usiku wa kuamkia mazishi, na likishachimbwa halilali tupu siku ya pili. Wote wanajua hivyo. Wanachimba tu.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama alifika saa nne. Odhiambo akapiga saa sita. Yuko Ulaya tangu jana, anangoja ndege ya pili. Atafika kesho. Akinyi alikuwa amesoma saa za kupaa tu, kana kwamba ndege hutoka Toronto bila kutua popote. Hakuna aliyenitazama.

Tulikaa juani mpaka saa kumi. Mhubiri aliishiwa maneno. Mwishowe Baba Mdogo akasema azikwe, lakini udongo wa kifungua mimba uwekwe kando. "Nyathina, leta karai." Nyathina, yaani mwanangu. Nikaleta. Wakalijaza, wakalifunika kwa leso, wakaliweka kivulini. Mimi nilibaki juani. Leo nawachukia wote, na Odhiambo zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti
Amefika, miguu imevimba. Kila mtu, pole na safari, pole na safari. Wamemlilia yeye kuliko Mama. Amemwaga ule udongo juu ya kaburi akipigwa picha. Baadaye akaniuliza nilifika lini. "Wewe huna shida, Atieno. Migori si hapo tu."

Hakuna aliyewahi kutafuta kwa simu Migori ni kilomita ngapi.

Jumapili, 10 Agosti
Wageni wameondoka. Odhiambo amelala tangu jana, tumeambiwa tusimwamshe. Nimeosha karai. Ndilo nililokuwa nikimwogeshea Mama. Udongo ulikuwa umeingia kwenye ufa wa chini, nikautoa kwa kijiti. Sikuutupa. Nimeenda kaburini peke yangu na kuuweka upande wa kichwa chake.

Kesho narudi Migori. Ijumaa sina pa kwenda.