Ng'ombe Aliyerudishwa

Jumanne jioni

Bado namuwaza Mama Neema. Leo nilikuwa kijijini Akheri na fomu zangu za utafiti wa hali ya maisha, na yeye ni mmoja wa waliopewa ng'ombe wa maziwa na mradi wetu wa kusaidia kaya maskini mwaka jana. Banda nililikuta tupu.

"Shikamoo mama. Ng'ombe amekufa?"

"Marahaba. Hajafa, mwanangu. Nimemrudisha."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu mwenye shida anarudishaje ng'ombe? Nikaketi, nikamwomba anieleze.

Kumbe ng'ombe yule alihitaji mizigo miwili ya majani kila siku. Mama anashinda kwenye vibarua, kwa hiyo aliyekata majani ni binti yake, Neema. Mtoto akaanza kuchelewa shule, mwishowe akawa haendi kabisa.

"Maziwa tulipata," alisema, "lakini mtoto nilikuwa nampoteza hivi hivi namwona."

Fomu inauliza tu ng'ombe ni wangapi. Nikaandika sifuri. Kwa macho ya ofisini, mama huyu ameshuka kuliko mwaka jana. Naogopa msimamizi atamwita mzembe na kumfuta kwenye mradi.

Wakati naaga akaniuliza, "Hivi nyie hamuulizagi majani anakata nani?"

Nimeingia nyumba nyingi mno, na swali hilo sijawahi kumuuliza mtu...

Nimeitoa fomu yake mkobani sasa hivi. Pembeni, pasipo na kisanduku chochote, nimeandika kwa kalamu: Neema amerudi shule.