Kabirateri Mbili na Sikio la Odile

Mujukuu wangu Trésor,

Huku Katuba tuko wazima, na dada yako amepata kazi Kampemba. Unauliza kwa nini pikipiki yako ya zamani inatetemeka na kuzima huko Kasenga. Gusa mabomba ya moshi: lililo baridi litakuonyesha kabirateri iliyoziba, ile inayochanganya petroli na hewa.

Wakati Katanga ilipojitenga nilikuwa na pikipiki kama hiyo. Asubuhi moja bunduki zilitulia kidogo, na kambo yako Odile, mke wangu, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Magari hayakuwepo. Nilizibua kabirateri ya kushoto, lakini motere ya pikipiki ikazidi kukohoa. Nikahangaika na skrubu, jasho linanitoka.

"Lete ule mupira wa maji," Odile akasema. Akatia ncha moja sikioni, nyingine akaielekeza kwenye mdomo wa kila kabirateri, asikie inavyovuta hewa. "Ya kuume iko navuta mupepe mingi. Punguza. Tena kidogo. Sasa biko sawa."

Motere ikaunguruma vizuri. Tulifika maternité, hospitali ya wazazi, na baba yako akazaliwa akilia motere ingali ya moto. Niliketi chini ukutani, nikacheka peke yangu.

Ukirekebisha yako, ita mutu akusaidie kusikiliza.

Kambo yako anayekukumbuka,
Placide