Shokomzoba za Gari la Mjomba

Shela, Malindi
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa kaka Jaafar,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na wifi na wanangu wote. Goti lako linasemaje? Wifi aliniambia siku hizi unaswalia kitini, na tangu hapo nimekuwa nikiliombea dua hilo goti kama vile ni mtu wa nyumbani.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila roho yangu haijatulia. Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi na simu ipo. Nikizungumza nawe, anayenishikia simu ni mwanangu Abdulhakim, na haya ninayotaka kukwambia yanamhusu yeye. Kwa hiyo nampa Jaha, binti wa jirani yetu, anayekuja huko kazini wiki hii, akutilie mkononi.

Ni habari ya gari. Lile Subaru ulilomwachia mpwa wako, shokomzoba zake zimekufa, zote nne. Fundi Chengo, mwenye gereji ya njia ya Ganda, aliliona jambo hilo zamani. Zilikuwa zikivuja mafuta, na ukilikandamiza gari kwa mkono linanesanesa, halitaki kutulia. Abdulhakim hulitumia kila siku kwenda kazini Kilifi na kurudi. Nami kaka, nikwambie kweli, nilifurahi. Gari likinesa, kijana huenda taratibu. Likipona atakimbia, nawe unajua damu hiyo ameirithi kwa nani.

Basi kila Ijumaa nikawa nampelekea Chengo sahani ya pilau, na pamoja na pilau, ombi: amwambie mwanangu kwamba shokomzoba bado hazijapatikana. Chengo akila, na mkewe Kahonzi akiirudisha sahani na maembe au mihogo ndani, maana sahani ya watu hairudishwi tupu. Nikaona mambo yangu yamenyooka.

Yalinyooka mpaka siku tuliyokwenda tanzia Kilifi, mimi nimeketi mbele. Tulipokaribia Gede, mtu wa baiskeli aliyepakia makuti akaingia barabarani. Hatukuwa tukienda mbio hata kidogo. Abdulhakim akakanyaga breki, gari likainama mbele, likarukaruka, nyuma ikakataa kushika njia, tukaishia kwenye majani tumeelekea tulikotoka. Mwenye baiskeli hakuguswa, wala sisi hatukuumia. Lakini mimi hata shahada haikunijia mdomoni.

Ijumaa iliyofuata nikapeleka sahani kama kawaida. Nilikuwa nimeogopa, lakini bado nilidhani gari bovu lina nafuu kuliko gari la mbio. Sahani ikarudi na pilau yake yote, haikuguswa. Nikavaa buibui nikaenda mwenyewe.

Chengo hakunifokea. Alisema, "Mama Abdulhakim, hizi si kwa ajili ya starehe ya kukaa. Ndizo zinazolishika tairi lisiiache barabara, na tairi lisipokanyaga chini, breki zitafunga nini? Mimi uwongo huu siuwezi tena." Niliona haya mpaka nikaondoka bila kuaga. Kumbe nilikuwa nikipika pilau ya kumwangamiza mwanangu.

Sasa limekuja la kuchagua, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Abdulhakim anataka zile ngumu za mashindano, eti mjomba alisema gari kama lile halifai kufungwa kitu kingine. Kila nikifungua kinywa, "mjomba alisema." Chengo anasema zile ni za barabara laini. Kwa mashimo na matuta yetu zitalirusha tairi juu kila mara, na tairi likiwa hewani halishiki kitu. Yeye anashauri za aina ile ile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, mpya, si za mtumba, zifungwe nne kwa pamoja. Nimemweleza mwanangu hayo yote. Akacheka, akanibusu mkono, akaniambia nimwachie mambo ya magari. Wiki mbili kutoka leo anakwenda Mombasa kuzinunua.

Kaka, neno langu humsindikiza mpaka mlangoni, kisha linarudi nami jikoni. Lako hupanda naye garini. Mpigie kabla hajakwenda, umwambie achukue anazosema Chengo. Usimwambie ni mimi niliyekuomba, maana atazichukua hizo ngumu kwa kunionyesha kuwa amekua.

Wala usiishie hapo, kwani hata zikiwa nzuri, mbio naziogopa. Umemsimulia vikombe vyote ulivyoshinda, anavijua kwa mwaka na kwa mahali. Ule mlango wa kushoto wenye rangi iliyopishana kidogo, anadhani umeharibiwa na jua. Hajui kwamba gari lile liliwahi kulala juu chini nawe umo ndani, wala kwamba marehemu mama ndiye aliyekuwa akikuogesha kama mtoto mpaka ulipoweza kusimama. Sisi tulinyamaza kwa kukustahi. Mimi sasa siwezi tena.

Bi Mwanaesha wa nyumba ya nyuma anakusalimu sana, na Chengo na Kahonzi pia. Ijumaa hii nitawapelekea sahani yao, na safari hii haina ombi lolote. Wifi mwambie kanga zake nimezipata, ni nzuri mno, na watoto uwabusu wote mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Mwenyezi Mungu akuweke na akuponye goti lako, kaka. Ila kabla halijapona, mwambie mpwa wako liliumia wapi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye tangu utotoni,
Swabra