Matairi Mapana ya Idi

Kware, Nairobi
Jumatatu asubuhi

Mama yangu,

Nipe mikono yako niibusu, yote miwili, kisha vaa miwani na umwambie dada Zainabu azime redio, maana barua hii nataka uisome mwenyewe. Ningekupigia simu, lakini simu yako huiweka sauti ya juu na Kisauni nzima husikiliza, na haya ni mambo ya aibu. U hali gani? Mguu umelalaje? Uvimbe umepungua, au bado viatu havikuingii? Zainabu ameniambia umekosa kliniki mara mbili kwa kukosa gari. Mimi ni mzima, naswali, nakula, kazi ya kunyoosha mabati ipo, na mwenye karakana hajanifukuza ingawa namjibu sana.

Sasa nikueleze gari liko wapi.

Idi alipolichukua alikwambia injini inakohoa, na kwamba mimi kaka yake niko Nairobi na ni fundi, nitalitengeneza alirudishe kabla hujalihitaji. Mama, injini ile haikuwa na kitu. Nilibadilisha oili, nikasafisha plagi, nikamwambia geuza urudi, Mama anangoja. Akasema, "Kesho asubuhi." Huyu kitinda mimba wako, uliyemnyonyesha mpaka majirani wakasema, hakurudi kesho asubuhi. Alikwenda Huruma kwa wenzake, na huko ndiko akili aliyokuwa nayo, ambayo hata nawe unajua haikuwa nyingi, ilikomalizikia.

Huruma kuna kikundi cha vijana, na wengine si vijana hata kidogo, wana vitambi na watoto wa shule, ambao kazi yao Jumapili ni kushindanisha magari. Usidhani ni yale mashindano ya porini ya kurusha vumbi, ambayo walau dereva huonyesha ujuzi. Hawa husimamisha magari mawili sambamba mwanzo wa barabara iliyonyooka, mmoja anashusha mkono, wanakanyaga mafuta. Basi, imekwisha hiyo. Kona hakuna, mlima hakuna, na hakuna wanakokwenda. Wakifika mwisho wanageuza kurudi, halafu wanakumbatiana utadhani wametoka Hija. Watu wazima hao, wenye ndevu.

Na ukikanyaga mafuta kwa pupa namna ile, tairi jembamba huzunguka palepale likatoa moshi. Kwa hiyo wanataka matairi ya nyuma yawe mapana, yashike lami. Gari la marehemu Baba, Mungu amrehemu, lilitengenezwa kubeba watu, matairi hayo hayaingii. Lile pango ambamo gurudumu la nyuma hukaa ni jembamba. Ukitaka lipokee tairi pana huna budi kukata: kwa nje unaivuta fenda, lile bati la juu ya gurudumu, itokeze, na kwa ndani unakata ukuta wa pango unausogeza, uingie garini. Uingie wapi? Uingie kwenye kiti cha nyuma. Kiti chako, Mama, unachojinyoosha kuanzia mlango hadi mlango kwa sababu mguu haukunjiki na tuktuk huwezi kuingia.

Akaja kwangu karakana, hana hata haya.

"Bro, niaje." Ndivyo anavyoniamkia siku hizi, mimi niliyemfundisha Alhamdu. "Nifungulie hapo nyuma kidogo tu. Nataka ndinga ikae poa."

Ndinga kwa lugha yao ndiyo gari.

"Na Mama ataulaza wapi mguu wake?"

"Si nafasi itabaki? Mama mwenyewe ni mdogo."

Nilimtoa mbio na nyundo mkononi, mpaka wenzangu wakaacha kazi kucheka. Nikadhani yameishia hapo. Sikukumbuka kwamba Kware hii hii, karibu kabisa na ninapolala, kuna mafundi ambao tangu wazaliwe hawajawahi kukataa kazi.

Mkubwa wao anaitwa Kamaa. Gereji yake, kama ni gereji, ni kipande cha ardhi kando ya mtaro, chini ya ghorofa za kupanga, nguo zilizoanikwa juu zinamdondoshea maji kutwa. Kwa kuwa nafasi hana, gari likiingia hulipandisha juu ya mawe, akalivua magurudumu, na halishuki tena mpaka mwenyewe aje kulichukua. Hukata likiwa juu, huchomelea likiwa juu, na hupima likiwa juu. Sasa gari likiwa juu ya mawe, tairi la nyuma ukilipachika kupima huning'inia, likakaa mbali na bati. Hapo hata tairi la trekta litaenea! Lishushe, watu wakae, mwili wa gari unashuka na tairi linapanda ndani ya pango. Mimi nikimaliza kazi ya nyuma hulishusha, nikawaita wapita njia walionenepa wakakaa kiti cha nyuma, ndipo nikapima. Kamaa ana mvi kichwani na bado hajaambiwa na mtu kwamba gari hutembea likiwa chini.

Nililiona Jumamosi nikitoka kazini. Nililijua kwa ile Mashallah ambayo Baba aliibandika kwenye kioo. Mama, nilisimama pale barabarani nikashika kichwa. Fenda zote mbili za nyuma wamezipanua kwa kusukumiza bomba la chuma kati ya tairi na bati huku gurudumu likizungushwa mbele na nyuma, mpaka rangi imepasuka na bati limejikunja hovyo. Ndani wamekata pango kwa mashine ya grainda, wakaziba kwa bati la pipa la mafuta ya kupikia. Maandishi ya pipa yanasomeka! Limetokeza nundu huku na nundu huku, na kwa kuwa kiti hakikurudi mahali pake, wamekikata pembe kwa kisu cha mkate. Sponji lako lilikuwa limetupwa mtaroni.

Idi alikuwa amekaa juu ya tairi lake jipya anatafuna hindi la kuchoma.

"Hii ni nini?" nikamuuliza Kamaa.

"Ni bati, mzee."

"Bati la pipa?"

"Bati ni bati, mzee wangu. Kesho kijana anawamaliza wote. Wewe ngoja uone."

Unajua mimi nikipiga kelele hapana hatari, hatari ni nikinyamaza. Nikamwambia Idi kwa upole kabisa, "Umesema Mama ataenea. Haya, tujaribu." Nikachukua ubao kwa wajenzi wa ghorofa ya jirani, nikaulaza mguu wake wa kulia juu yake, nikaufunga kwa mpira wa tyubu kuanzia pajani hadi kifundoni, usikunjike. Alidhani ni mzaha. Vijana wakatoa simu wakapiga picha, na yeye akawaonyesha vidole viwili. Nikamwingiza nyuma, mgongo kwenye mlango mmoja, mguu kuelekea wa pili, unavyokaa wewe. Kamaa akafunga matairi mapana, akalishusha gari, akasugua mikono kwa majivuno. Nikashika usukani.

Njia za Kware unazijua kwa kusikia tu, na Mungu akuepushe kuziona. Shimo la kwanza, gari likashuka, tairi likaikamata fenda: krrr! Moshi wa mpira ukaingia ndani. La pili, nundu ya Kamaa ikampiga Idi mgongoni, na wayo wa mguu uliofungwa ukagonga nundu ya upande wa pili. Hakuwa akicheka tena. Tulipofika kwenye reli, kuingia Industrial Area, akapiga ukelele, "Simama, kaka! Simama!" Angalia, kumbe neno kaka analijua. Sikusimama. Nilimvusha reli, nikageuza, nikamvusha tena.

Tuliporudi, Kamaa alikuwa ameinama anaitazama fenda iliyoliwa na tairi. "Ni matuta ya barabara," akasema. "Huko kwa mashindano ni sawa, hakuna matuta." Hata kumtukana sikumtukana. Mtu kama huyo unamtukana nini kikamwingia?

Idi alikuwa bado amelala nyuma, ameshika mguu. Akasema, "Kata yote, kaka. Toa haya mapipa."

Basi hakwenda kushindana. Wenzake walipiga simu asubuhi yote ya Jumapili na yeye akaizima, nami sikumpongeza, maana mtu hapongezwi kwa kuacha upumbavu alioutafuta mwenyewe. Tajiri wangu aliniachia karakana siku hiyo. Nilikata mabati ya pipa, nikarudisha ukuta wa pango kwa bati zito lililopindwa vizuri, nikaingiza fenda ndani, nikachomelea, nikalishusha chini nikapima. Idi alishika taa, akashika nyundo, akatukanwa. Kiti nimekipa sponji jipya zito. Matairi yako ya zamani tuliyakuta yameshafungwa kwenye mkokoteni wa muuza maji, Kamaa aliyagawa bila hata kuuliza, na tulibishana na mwenye mkokoteni hadi adhuhuri. Yale mapana, kumbe aliazimwa na wenzake, Idi amewarudishia wenyewe Huruma. Rangi ya nyuma bado haijafanana, utaona mabaka, nisamehe kwa hilo.

Sasa nikufikishe pale kalamu inaponisumbua.

Nilipomaliza nikasema gari ni zima, nikataka kumruhusu aende. Idi akakataa. Akauchukua ubao ule ule, akajifunga mguu mwenyewe, akajilaza nyuma, akasema nimpitishe njia ile ile. Nikampitisha. Tairi halikugusa mahali. Nundu hakuna. Kiti kimetulia, kazi ya fundi, ambayo Kamaa akizaliwa mara ya pili hataiweza. Nilikuwa nimejaa kiburi mpaka kooni, nikawa nangoja sifa zangu. Tulipovuka reli nikamsikia anaguna. Mbele kidogo tukaingia shimo dogo tu, la kawaida, hata usukani haukutikisika, akaguna tena, na nilipomtazama kwenye kioo alikuwa ameuma kola ya shati.

"Nini tena?" nikamuuliza. "Gari si zima?"

"Ni zima," akasema. "Kaka, kwani hata likiwa zima huwa linamuuma Mama namna hii?"

Na huyo ana mguu mzima, wa ujana, umefungwa ubao tu. Mimi niliyekuwa na maneno ya kila mtu tangu Jumamosi, nilipunguza mwendo. Kabla sijaja huku Nairobi nilikuendesha miaka kutoka Kisauni hadi hospitali, kwa njia zilizo mbovu kuliko hizi, na nilikuwa nakwenda kasi tuwahi foleni. Nikawa nakuuliza, "Mama, u mzima huko nyuma?" na bila kugeuka nikasikia alhamdulillahi, nikakanyaga mafuta.

Idi anaondoka leo na gari na barua hii. Nimemwambia asivuke mwendo wa mtu anayebeba mayai, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kumwambia mara mbili. Bado namwona mjinga, usidhani nimemsamehe, na wewe usimpikie pilau ya kumpokea. Mpe uji. Atakaa hapo nyumbani akupeleke kliniki na kukurudisha, amesema mwenyewe.

Nisalimie dada yangu Zainabu, na mwambie asante kwa kunipa habari ambazo wewe huzificha. Nisalimie Shangazi wa Mtopanga, na Bi Rukia jirani yetu anayekushika mkono ukishuka ngazi. Mzee wa msikitini aliyekuwa akisoma na Baba umwambie nimemkumbuka.

Na swali la Idi ulijibu wewe, Mama, kwa mkono wako, umpe Zainabu anitumie. Huwa linauma namna ile? Niandikie kweli. Usiniandikie alhamdulillahi.

Mwanao,
Salim