Hilda Alipopumzisha Kesi

Endasak, Hanang
14 Juni 2025

Mpendwa Dada Restituta,

Shikamoo dada. Mnaendeleaje huko Songea? Shemeji Baltazar mgongo umepoa? Sisi tu wazima. Mama ana kikohozi kidogo cha asubuhi, lakini shambani haachi kwenda. Mahindi yamekauka vizuri, wiki ijayo tunavuna.

Sasa habari ya mdogo wetu Hilda. Unajua Felician, yule tabibu wa zahanati aliyetoka Kagera, anataka kumwoa, na Baba Mkubwa Bonaventura alikuwa amekataa. Alisema Kagera ni mbali, mtoto akienda huko tutamwona kwenye picha tu.

Jumapili tulikaa kikao cha ukoo. Hilda akaomba kusema. Akasema taratibu kwamba Felician anapenda kuendelea kufanya kazi hapa Hanang, anasali nasi, na mama alipougua alikuja kumtazama hata siku za mvua na matope. Wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa. Kisha akamalizia kwa Kiingereza, kama mawakili wa zile tamthilia za mahakamani anazotazama kwenye simu: "I rest my case." Akaketi.

Baba Mkubwa akatutafsiria. "Rest ni kupumzika. Mtoto amesema kesi ipumzike. Ameiacha mwenyewe, tumshukuru. Tusali tufunge kikao."

Dada, watu walikwisha kusimama. Hilda ameduwaa, machozi yanamlengalenga. Mama akanishika mkono akaniuliza kama kweli ameacha.

Ndipo Mwalimu Mwita, mshenga wa Felician, akaomba radhi. "Mzee, wakili akisema hivyo hajaacha kesi. Amemaliza kutoa hoja na ushahidi wake. Sasa anakaa kumsubiri hakimu aamue."

Baba Mkubwa akavua kofia, akamgeukia Hilda.

"Kumbe wewe ndiye umepumzika, kazi imebaki kwangu," akasema. Watu wakacheka, naye akacheka. "Haya, Mwalimu. Kamwambie kijana aje na wazee wake."

Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Harusi ni Septemba, na Hilda anataka wewe ndiye umsindikize kanisani. Omba ruhusa kazini mapema. Baba Mkubwa naye ameanza kuulizia mabasi ya Bukoba. Anasema wakwe hawasalimiwi kwa simu.

Msalimie Shemeji, na Tito umwambie mjomba wake anamkumbuka. Mama anawaombea heri, na Mungu awalinde nyote mpaka tuonane hapa nyumbani.

Mdogo wako akupendaye sana,
Theodory